Malame Ndani ya Mikebe ya Maziwa

Siku yangu ya kwanza mu bloc, Major hakunipa gants za kuvaa mikononi, hakunipa hata salamu ya maana. Bloc njo vyumba vya kupasulia wagonjwa, na Major ni ule infirmier, muuguzi mukubwa anayeamuru pale ndani kama daktari hayuko, na hata kama daktari iko. Alinisimamisha ku ukuta akasema: «Weka mikono nyuma. Leo weye ni macho tu.» Nikaweka mikono nyuma. Nilikuwa musichana wa kinywa, nyumbani walinijua, lakini mbele ya ule muzee kinywa kilikauka.

Vijana wanaoanza kazi leo wananiita Mama Bisturi, na wengi wao hawajui bisturi sawasawa. Bisturi, kisu cha kupasulia, iko na sehemu mbili. Kuna mupini wa chuma, wenyewe unachemshwa na kurudi ku kazi miaka na miaka. Na kuna lame, kile chuma chembamba kinachokata, kinavalishwa ku mupini. Lame inakuja peke yake ndani ya karatasi ya aluminiamu, safi kabisa, inafanya kazi kwa mugonjwa mumoja na kazi yake imeisha. Kila lame iko na numéro yake. Vingt-trois, njo ishirini na tatu, ni ya kufungua tumbo, quinze, kumi na tano, ni ya fasi ndogo-ndogo, onze, kumi na moja, iko na ncha kali ya kutoboa jipu. Hayo yote Major alinifundisha nyuma. Ile siku ya kwanza nilijifunza kitu kingine.

Walikuwa wanapasua mama mumoja juu ya mutoto aliyekataa kutoka. Mutoto akatoka, akalia, kila mutu akacheka, hata daktari akasema aksanti Mungu. Mashuka yenye damu yakabebwa haraka kwenda buanderie, fasi ya kufulia. Kiisha Major akaangalia meza akauliza: «Lame iko wapi?» Wakatafuta ku meza, haiko. Akatoa kofia ya bloc akakimbia buanderie, muzee mwenye tumbo kubwa vile, na miye nyuma yake, mikono yangu bado ku mugongo kama mupumbavu.

Tulisikia kilio mbele ya kufika. Mama Ngave, mufuaji wa mashuka, alikuwa ameanza kukamua shuka ya kwanza. Alikuwa musichana kama miye, ametoka kwao Djugu kutafuta kazi mu Bunia. Lame ilikuwa imejificha mu kunjo la shuka, ikaingia mu kiganja chake mupaka ku mishipa inayovuta vidole. Daktari alishona ngozi vizuri sana. Lakini vidole viwili havikunyooka tena. Vikabaki vimekunjwa, kama bado vinakamua ile shuka.

Jioni Major aliniita. Nilifikiri ananifukuza. Akasema: «Lame inapita kwa watu watatu. Daktari anaiona. Mugonjwa analala. Mutu wa tatu ni ule anayekuja nyuma, hajui kitu, anaweka mukono tu. Weye utafanya kazi juu ya ule wa tatu. Umesikia?» Nikasema ndiyo Major. Nililia ile siku, sifichi. Nililia juu ya Mama Ngave na juu ya woga wangu pia.

Kiisha miaka kidogo wakanituma ku kituo kimoja cha afya, upande wa Bambu, kati ya wachimbaji wa dhahabu. Vidonda vya miguu vilikuwa vingi, malame kidogo. Titulaire, njo mukubwa wa kituo, alikuwa mutu mwema wa kucheka-cheka, lakini aliweka malame ku dirisha, mvua ikiyapiga, karatasi ikichakaa. Kama aluminiamu imetoboka hata tundu kidogo, ile lame si safi tena, hata kama inang'aa. Nikamuambia. Akacheka: «Mama, lame haina miguu. Itaenda wapi?»

«Titulaire, yenyewe haina, lakini watu wako nayo.»

Na ilikuwa kweli. Mushonaji anaitaka ya kufumua nguo. Kinyozi anaitaka. Mama fulani anaitaka ya kuchanja mutoto na kupaka dawa ya majani. Hata muchungaji wetu alikuja na Biblia mu kwapa kuniomba moja ya kukata kucha! Nikamuambia: Pasta, niombe miye nyanya, niombe maharagi, lakini lame hapana. Alikasirika, na Siku ya Mungu iliyofuata alihubiri juu ya wanyimivu, akiniangalia. Miye niliimba tu.

Pale njo nilijifunza kuhifadhi. Sanduku lenye kufuli, fasi ya juu, kavu, mukaa kidogo umefungwa mu kitambaa ili uvute unyevu. Zile zitakazokwisha muda mbele ya zingine zinakaa mbele. Kila numéro mu boksi yake, juu daktari akiomba onze ukamupa vingt-trois, atakuangalia vibaya, na atakuwa na haki.

Waliponirudisha Bunia, Major alikuwa amekwisha kupumzika na kazi, na Mudirekta wa hospitali akanipa ufunguo wa armoire, kabati la malame ya bloc. Nikaleta sheria moja, na juu ya ile sheria walinichukia vya kutosha: leta iliyokufa, nikupe nzima. Wa dharura nitamupa mbele, lakini hatoki mu chumba mupaka ile ya kazi irudi. Mbele ya shuka kwenda buanderie, siye wawili tunatafuta lame kwa macho, tunasema kwa sauti: «Iko.» Hakuna kupitisha bisturi kutoka mukono mupaka mukono, inawekwa mu haricot, ule musahani uliopinda kama haragi, mwenzako anaikamata pale. Na hakuna kuvua lame kwa vidole. Ni kwa pince, koleo ndogo ya chuma, ncha ikiangalia chini, mbali na watu.

Daktari mumoja kijana, mwepesi wa mukono na wa hasira, alinipigia kelele: «Mama, shuka zinangojewa buanderie, mugonjwa mwingine anangojea, na weye unatafuta lame!»

«Docteur, nenda buanderie usalimie Mama Ngave kwa mukono wa kuume. Kiisha urudi kunipigia kelele.»

Alienda, kweli. Aliporudi alinisaidia kutafuta.

Sasa, lame iliyokufa itaenda wapi? Hapo njo kichwa kinauma. Unaweza kuchoma karatasi, unaweza kuchoma bandeji, lakini moto hauli chuma. Inabaki mu majivu, nyeusi, inangojea mutu wa tatu. Zile boksi za njano za kutupia vyuma zilikuwa zinakwisha kila mara. Nikachukua mikebe ya chuma ya maziwa ya unga, kifuniko nikakitoboa mulango mwembamba, lame inaingia haitoki. Mukebe ukikaribia kujaa, tunamimina simenti ndani. Ikikauka, ni jiwe. Mikebe ile ilikaa nyuma ya buanderie, ikingojea shimo ambalo Mudirekta alikuwa ameahidi. Lakini watu walikuwa wanakimbia vita kutoka Djugu kila wiki, hospitali imejaa mupaka ku veranda. Nani atachimba shimo?

Asubuhi moja nikakuta fasi ya mikebe ni tupu.

Nilikimbia kwa Mudirekta. Akavua lunette za macho. «Mama, nani ataiba simenti iliyokauka?» Hakuwa anacheka, alikuwa anauliza kweli. Alituma walinzi, wakazunguka hospitali yote, bure. Walinzi wenyewe, njo waliokuwa wanatukorogea simenti, nilipowabana, wakakubali kitu kingine: simenti ilikuwa kidogo, wakaongeza mchanga mwingi. Mungu wangu! Mchanga vile haushiki. Mikebe ingine ilikuwa imeanza kutu. Kumaanisha malame yetu yanatembea mu Bunia ndani ya kitu kitakachopasuka, na hakuna anayejua. Sikulala vizuri. Kila mutoto niliyeona anacheza na mukebe ku njia, niliuchukua. Watoto wakaanza kunikimbia.

Siku ya Mungu, nikitoka kanisani, nilipita mu mtaa wa Mbunya kununua sombe, majani ya muhogo. Ndani ya lupango moja, kiwanja cha nyumba ya watu, nikasikia vijana wanahesabu kwa Kifaransa, nane mupaka kumi: «Huit! Neuf! Courage, vieux, dix!» Na chuma inalia. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Vijana wetu wote wanafanya vile, munajua: wanatafuta mikebe miwili, wanajaza simenti, wanaweka bomba katikati, njo altère ya kunyanyulia, kifua kitoke. Nilikuwa nimeona hizo altères maisha yangu yote, na siku zote zile sikuwaza! Hawa walikuwa wameona nyuma ya buanderie kazi ya simenti imekwisha kufanywa, bado bomba tu.

Nikaingia bila hodi. Kijana mumoja alikuwa amelala mugongo ku benchi, bomba mikononi, mikebe kila upande, minne-minne, imefungwa kwa kamba. Alikuwa Bahati, mutoto wa mwisho wa Mama Ngave. Mukebe wa ndani, karibu na uso wake, ulikuwa umekulwa na kutu chini. Kila akishusha, mchanga ulimwagika ku shingo lake. Na mu ile tundu niliona ncha inang'aa.

Kupiga kelele ilinijia mu koo. Nikaimeza. Mutu mwenye muzigo juu ya kifua hivyo, ukimushitua anaachilia. Nikawaambia wawili waliosimama, polepole, kama naomba maji: «Baba, weye kamata bomba huku. Na weye kule. Vizuri. Nyanyueni. Bahati, teleza, toka chini.»

«Mama Bisturi, bado mbili...»

«Toka.»

Akatoka. Wakaweka chini, na mukebe ukapasuka pale ku udongo. Malame yakatoka na mchanga, mengine meusi na damu ya zamani. Hapo njo nilitukana! Sitaandika niliyosema, nilikuwa na nguo ya kanisa. Kiisha nikakaa ku benchi ileile nikalia kama mutoto, na wale vijana wakubwa wenye vifua wakasimama hawajui waweke mikono wapi.

«Siye hatukujua, Mama,» Bahati akasema. «Tulifikiri ni simenti tu.»

Nikamutuma mumoja kumuita Mama Ngave. Alikuja na pagne, kitenge cha nyumbani, akaangalia udongo, akaangalia mutoto wake, shingo lake lenye mchanga. Akapangusa ule mchanga kwa mukono wa kuume, na vile vidole viwili vilivyokunjwa vikipita chini ya kidevu chake.

«Mutoto wangu, unafikiri huu mukono ulikatwa na nini?»

«Panga,» akasema. «Ile ya vita, kwetu Djugu.»

Nikamuangalia Mama Ngave. Miaka yote ile! Watu wa kwao wengi wako na alama za panga, na mutoto alihesabu tu alama ya mama yake pamoja na zao. Hakuuliza, mama hakusahihisha.

«Hapana,» akasema. «Vita haikunifikia huku. Ni kitu kama hii iko chini pale. Walisahau mu shuka.» Kiisha akaniambia: «Mama, leta pince yako.»

Tulikusanya yote kwa pince na brosi ya waya, vijana wakishika mukebe mupya, hakuna aliyeweka kidole. Kesho yake Mudirekta alisikia yote mupaka mwisho. Akasema, «Mama, shimo ilikuwa deni langu,» na simenti nzuri ikatoka ile wiki. Lakini Mudirekta hakutafuta wachimbaji. Nilimuambia niko na vijana wanaotafuta nguvu. Bahati na wenzake walichimba nyuma ya buanderie mupaka vichwa havionekani, wakilalamika kila saa, na miye nikiwahesabia: huit, neuf, courage, dix! Tulipanga mikebe yote chini, tukamimina zege yenye kokoto, bila hila ya mchanga, tukafunga juu kwa dalle, bamba pana la zege, sawa kama meza. Sasa mikebe yote inaishia vile, shimo likijaa tunafunga na kuchimba lingine.

Miye nimepumzika sasa. Wananiuliza kazi ile ilinipa nini. Nyumba ndogo, mugongo unaouma, na jina la utani ambalo hata wajukuu wameshika. Kitu kingine ni kwamba sikuitwa tena buanderie juu ya kilio. Kwa kazi yetu, siku nzuri ni siku ambayo hakuna kilichotokea, na siku kama zile hakuna anayekuja kukushukuru. Muzizoee, nyinyi munaoanza.

Siku yangu ya mwisho, nilikwisha kumupa ufunguo wa armoire dada aliyenifuata, tukatafuta lame ya mwisho pamoja, akasema «Iko» kwa sauti. Nikatoka kwa mulango wa nyuma. Mama Ngave alikuwa amesimama juu ya dalle ya shimo la malame, viatu ameweka pembeni, anakamua shuka.

«Huogopi baridi ku miguu?» nikamuuliza.

Akaangalia chini, akakanyaga mara moja, kwa nguvu.

«Zilinikata mukono,» akasema. «Acha nizikanyage bila viatu.»