Matone Themanini na Matatu

Siku ile naikumbuka hata harufu yake, mwanangu: dawa ya kusugulia sakafu, na chai ya tangawizi ya wagonjwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mtihani wa leseni ya uuguzi nilikuwa nimeshauanguka mara moja, na mara ya pili zilibaki wiki sita. Nikianguka tena ndiyo basi, narudi Waa kwa baba kuokota korosho. Si kwamba korosho ni aibu, korosho zimetulea. Lakini mimi nilitaka kuuguza watu, na nilikuwa nimeapa sirudi nyuma.

Nakuhadithia haya kwa sababu jana uliingia hapa kwangu Msambweni, hata shikamoo hukuimaliza, ukaitupa simu kitandani. "Shangazi, haya maswali ya leseni kwenye kundi letu la simu yenyewe ya uongo! Matatu nimeyakuta majibu yake si sawa. Sisomi tena!" Nikakumiminia chai. Nawe wanijua, mimi nikimimina chai kwanza nina maneno. Leo kaa kitako unisikilize.

Enzi zetu hapakuwa na makundi ya simu. Palikuwa na bunda. Zilikuwa karatasi za maswali ya mazoezi, wanafunzi wakinakiliana darasa hata darasa, wala hakuna aliyejua nani aliziandika kwanza. Kila swali, jibu lake limezungushiwa wino. Mimi na mwenzangu Mejumaa tulilishika bunda lile vile tulivyofundishwa utotoni chuo cha Kurani kwa maalim: unakaa jamvini, unatikisika, unahifadhi. "Thelathini na saba?" "B!" "Arobaini na moja?" "Themanini na matatu!" Wallahi, tulikuwa tukijibu na swali halijasomwa. Chuoni huulizi kama herufi ni sahihi, kilichoandikwa ni kitukufu. Heshima ile ile, bila kufikiri, tukaivisha karatasi za mtu tusiyemjua.

Sasa hilo la arobaini na moja ndilo lililonitoa jasho. Liliuliza hivi: lita moja ya maji ya dripu yataka kuingia kwa saa nane, na mpira ni wa matone ishirini kwa kila mililita. Utayaacha yadondoke matone mangapi kwa dakika? Bunda likasema themanini na matatu.

Asubuhi ya siku ile, wodini nilikokuwa nikifanya mazoezi, alikuwapo mzee mmoja, mkulima wa upande wa Kinango. Alikuwa ameishiwa maji kwa kuharisha, na moyo wake nao ulikuwa mchovu. Daktari aliandika lita moja, saa nane. Lo! Swali langu lile lile! Sikupiga hesabu hata chembe. Nikashika kigurudumu cha mpira cha kuongezea na kupunguzia matone, nikatazama saa, nikahesabu matone mpaka yakafika themanini na matatu. Kabla sijaondoa kidole, mkono wa mtu ukaufunika wangu. Alikuwa Bi Riziki, sista mkuu wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo tuliyoiogopa kuliko kelele.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye maswali, Bi Riziki."

"Nakuuliza hesabu, wewe waniambia maswali."

Akayapunguza matone mwenyewe, akamwambia mzee apumzike, yako sawa sasa. Kisha akaniongoza hadi chumba cha vifaa. Akatundika chupa ya maji yaliyopitwa na tarehe, mpira wa namna ile ile, na chini akaweka ndoo. "Haya, yatie mwendo wako huo. Kaa hapa mpaka yaishe. Si saa nane? Sasa ni saa mbili asubuhi. Tutaonana saa kumi."

Saa sita, adhuhuri haijaadhiniwa, chupa ikawa tupu. Nikaitazama ile ndoo. Ndipo nikapiga hesabu kwa mara ya kwanza, kwa kidole, juu ya vumbi la rafu: arobaini na mawili. Bunda lilikuwa na maradufu. Bila shaka swali la asili lilikuwa la saa nne, mtu akabadilisha saa zikawa nane, jibu akaliacha vile vile. Mwanangu, nililia. Maji ya siku nzima yangemwingia yule mzee kwa nusu siku, yakampanda mapafuni. Ningemzamisha mtu nchi kavu, kitandani pake, nami nikijiona hodari.

Nikatoka mbio, nikalichukua bunda, nikashika njia ya jikoni kulitia motoni. Bi Riziki akanikuta mlangoni.

"Kosa moja haliachi mke," akasema. "Asubuhi uliliamini lote, sasa wataka kulichoma lote. Asubuhi hukufikiri, na sasa pia hufikiri."

Neno lile liliniuma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Akatoa bunda mkononi mwangu, na kutoka mfukoni akatoa plasta ya vidonda. Akakata kipande, akakibandika juu ya jibu la kwanza. "Fanya hivi yote. Jibu kwa akili yako, fungua kitabu, andika namba ya ukurasa. Ndipo ubandue. Yasipolingana, rudia. Yakikataa tena, njoo kwangu. Kuuliza si ujinga."

Mejumaa alinicheka mpaka akakaa chini. "Wiki sita zimebaki, mwenzangu wabandika karatasi plasta! Kwani zina vidonda?" Nikamwambia, zinavyo. Majibu kumi na saba niliyatilia shaka. Na usicheke: sita kati ya hayo, aliyekosea nilikuwa mimi, na bunda lilisema kweli. Wiki ya mwisho Mejumaa akaja mwenyewe, macho chini, kuniomba plasta.

Mtihani ulipofika, la dripu lilikuja, lakini tarakimu zote nyingine kabisa. Aliyehifadhi hakuwa na cha kushika. Mimi nilipiga hesabu. Na palikuwa na swali moja, mpaka leo naamini lilikuwa na walakini. Sikugombana nalo. Nilichagua lililo karibu zaidi na kitabu nikapita, maana chumba cha mtihani si baraza. Tulifaulu sote wawili.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Swali bovu lisikuvunje moyo, likufunze. Usilimeze, wala usilitupe. Lifunike jibu, lifanye wewe, uweze kusema kwa nini. Ukikuta kosa hakikisha kwanza, huenda kosa ni lako. Na ukishahakikisha usikae nalo peke yako: liandike kwenye kundi lenu, na ukurasa wa kitabu, kwa adabu, bila kumuaibisha aliyelituma. Wapo wenzako usiku na mchana wanalihifadhi lile jibu, na kesho wataingia nalo wodini.

Yule mzee wa Kinango aliruhusiwa siku ya tatu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, migumu ya jembe, akasema, "Ahsante mwanangu, una mkono mwema." Hakujua. Nilitaka ardhi inimeze, nikaitikia kwa kichwa tu, macho sakafuni. Tangu siku hiyo sijamwekea mgonjwa dripu bila kupiga hesabu mara mbili, hadi nilipostaafu.

Haya, kaokote simu yako. Plasta iko kabatini, kata kadibodi, ibandike kwenye kioo cha simu, ifunike pale majibu yalipo. Mola akufungulie akili, akutie subira, akuvushe na leseni yako mkononi. Na atakayekuambia una mkono mwema, mwanangu, Mungu ajaalie umwitikie ukimtazama machoni.