Vakansi za Swima

Mwezi wa saba uliopita niliwapeleka watoto wangu Swima, kijiji cha kando ya ziwa, kuwaonyesha nyumba ya bibi yangu, tukakuta maji. Ziwa limepanda, limemeza ufuo pamoja na nyumba zote za mbele. Nikabaki nimenyoosha kidole kwenye mawimbi kama mtu aliyepotea njia.

Ungepaona zamani, rafiki yangu. Kila vakansi kubwa, shule zikifungwa, baba alitupandisha boti kutoka mjini Baraka tulikoishi, sisi na watoto wa ndugu zake, tukajazana kwa bibi hadi wengine wakalala jikoni. Baba alikuwa mwalimu, hakujua kupumzika. Asubuhi aliandika hesabu kwa kijiti kwenye mchanga uliolowa. "Musome mbiyo, maji inakuya!" Wimbi likifuta hesabu kabla hujajibu, kazi yako ilikuwa kuosha sufuria. Tulicheka, tukapigana vikumbo, na ndivyo nilivyojua kugawanya.

Mchana mwalimu alikuwa bibi. Alituketisha kando ya ndakala, dagaa wa ziwani, alizoanika, tufukuze kuku, huku akitufundisha Kibembe, lugha ya kwetu, maana sisi wa Baraka tulizoea Kiswahili tu. "Kifaransa itakupatia kazi," alikuwa akisema. "Kibembe itakupatia bantu ba kwenu." Vidole vyetu vilinuka samaki, midomo iking'aa mawese ya sombe, kisamvu chake.

Vakansi ya mwisho haikuisha. Adhuhuri moja risasi zililia upande wa barabara. Jirani alikuwa akisukuma boti yake majini kukimbilia Tanzania. Baba akaturusha ndani mmoja mmoja. Bibi alisimama majini hadi magotini, akimpokeza mama yangu sufuria ya bugali.

"Mama, panda!" baba alimsihi bibi.

"Boti imejaa batoto. Muende. Mi nitakuya nyuma."

Hakuja. Tulikulia katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, na habari za kifo chake zilitufikia kwa mdomo wa mchuuzi, amekwisha kuzikwa zamani. Baba alizisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akakaa juani mpaka mama alipokwenda kumshika mkono.

Sasa siku ile ya Swima, mama mmoja mzee aliyekuwa jirani wa bibi alinitambua kwa sura. Alinishika mikono yote miwili.

"Bibi yako, kila mwezi wa saba alikuwa anapika bugali mingi sana," akaniambia. "Tunamuuliza, unapikia nani? Anasema, batoto bangu ba vakansi, bako njiani. Jua ikizama, anaita batoto betu bakule."

Leo ndugu zangu wametawanyika: mmoja yuko Lubumbashi, mmoja Amerika, wengine hawajatoka kambini. Vakansi ikifika, kila mtu hukaa kwake na watoto wake, na watoto hao hawajuani hata majina. Hatuna tena nyumba ya kutukusanya, wala mtu wa kutupikia kabla hatujafika.