Mashine ya Kukaushia Nguo Iliyopepeta Karanga

Enzi zetu kule Kongwa, nguo ilikauka kabla hujamaliza kuanika ya pili. Kwa hiyo Baba aliporudi na mashine mbovu ya kukaushia nguo, aliyoachiwa na wageni wa mradi waliokuwa wakihama, mtaa mzima ulikuja kucheka. Mama alishika kiuno, akamwita kwa jina la dada yetu mkubwa. "Baba Neema, jua lote hili halikutoshi?"

Baba alicheka nao. Sisi watoto tulijua kinachomsumbua. Mama alikuwa na pumu, na kila msimu wa karanga, akishika ungo kupepeta, vumbi jekundu lilimbana kifua mpaka akae chini akitafuta pumzi. Daktari alishamwambia aachane na kazi hiyo. Mama akasema shamba lile aliachiwa na mama yake, na hawezi kukaa pembeni akitazama karanga zake zikipepetwa na watu wengine kama vile yeye ameshazikwa.

Basi wakati sisi tunacheza kombolela, tumbo limejaa ugali na mlenda, Baba alikuwa uani na spana. Aling'oa mota, akaunganisha pipa la ndani na mnyororo na pedeli za baiskeli kuukuu. Pipa lile lilikuwa na matundu ya kupitisha hewa ya moto. Yeye aliona matundu ya kudondosha udongo. Kasha la bati la nje lingezuia vumbi lisiruke. Hadi leo najiuliza akili ile aliitoa wapi, maana shule aliishia la saba.

Siku ya majaribio tulipigania zamu ya kukanyaga pedeli. Kaka yangu alikanyaga kwa fujo, karanga zikang'ang'ania ukuta wa pipa, zikazunguka nalo bila kudondoka. Zikatoka na uchafu wake vilevile. Majirani wakaangua kicheko.

"Taratibu," Baba akasema. "Ziache zianguke."

Tukakanyaga taratibu. Udongo ukaanza kumwagika chini ya kasha. Mama alikuwa amesimama mbali, mlangoni mwa jiko, kajiziba pua kwa khanga. Akasogea kidogo. Akasogea tena. Kisha akaishusha khanga, akainama juu ya mashine, akaanza kutufokea: "Nyie, mtazipasua hizo!"

Alisimama pale akitoa amri mpaka gunia la mwisho, na hakukaa chini hata mara moja. Baba alijifanya anafunga nati, lakini macho yalikuwa yamemlowa. Nilimpenda sana baba yangu jioni ile.

Baba ametutoka. Mama bado analima, bado anafoka. Watoto wetu, chaja ikilegea tu wanataka mpya. Nilipomsimulia mwanangu habari hii aliuliza kama mashine ya babu ilikuwa na rimoti.

Nilimcheka, ila na mimi sina la kujivunia. Juzi mke wangu alilalamika mgongo. Nikamtumia hela ya dawa kwa simu, tukiwa tumekaa kochi moja. Akanijibu kwa ujumbe: asante.