Panzi Waliomshinda Ildefonsa

Pale Mbuba, sherehe ya watu wenye akili zao haikupikwa bila Ildefonsa. Kupika hapiki, tusimsingizie. Kazi yake ilikuwa kupakata ungo wa majani ya maharage na kuyachambua, jani moja moja, kabla hayajaingia sufuriani. Kwenye majani hayo hujificha panzi mmoja mshenzi wa kijani. Mabawa yake yana mishipa ya jani, na pembeni yana vidoa vya kahawia, utadhani ni jani lililoanza kukauka. Wanawake wengine humtazama uso kwa uso wasimwone. Ildefonsa alikuwa akimnyofoa huku anapiga soga. Miaka thelathini hakuna mgeni aliyetafuna panzi kwa uzembe wake, na alijivunia jambo hilo. Kwa nini asijivunie?

Basi mwaka huu, kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa Juvenali, mgeni mmoja wa kutoka Nyamiaga akachomoa panzi mzima kwenye sahani. Na si mmoja. Watatu! Jikoni wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mama, leo umetuongezea nyama?" mmoja wao, Consolatha, akamtania.

Ildefonsa alikuja juu. "Panzi wa mwaka huu wamezidi! Wanaigiza jani kuliko jani lenyewe!" Na aliamini hivyo, maskini ya Mungu. Wiki nzima kila aliyempa shikamoo alipewa marahaba na kesi ya panzi.

Aliyeingiwa na wasiwasi ni Nice, mke wa mwanawe. Asubuhi moja, jua limeshawaka, alichuma jani lenye panzi akamshikisha mama mkwe. "Mama, hebu mtoe huyo."

Ildefonsa akaligeuza jani, akalisogeza mpaka puani. "Hamna kitu hapa. Unanichezea?"

Panzi alikuwa katikati ya jani, mkubwa wa kutosha kumtisha mtoto. Machozi yakamlengalenga Nice. Kesho yake akampeleka hospitali.

"Ni presha ya macho, mama," daktari akamwambia. "Imekula kimya kimya, miaka. Kilichopotea hakirudi. Matone haya ni ya kulinda hicho kidogo kilichobaki."

Miwani je? Hapana. Upasuaji? Mbona jirani yake Tecla alipasuliwa, na leo anatunga uzi kwenye sindano! Daktari akaeleza, kwa upole, kwamba Tecla alikuwa na mtoto wa jicho, na huu ni ugonjwa mwingine. Ildefonsa akaishiwa maswali.

"Kumbe si wao," alisema wakiwa njiani kurudi. "Nimewatukana bure wadudu wa watu." Akacheka. "Nice, naogopa. Naogopa sana."

Nice alimshika mkono, wakatembea.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, Ildefonsa alitoka uani akamwita mkwewe. Nice alikuwa amesimama kwenye migomba, kitenge cha kijani kiunoni, hatua tano tu kutoka alipo.

"Nipo hapa, mama. Mbele yako."

Ildefonsa akapitisha macho kwenye migomba, akayarudisha, akayapitisha tena. "Wapi?"

"Hapa, mama."

Ildefonsa akanyoosha mkono mbele, akapapasa hewa.

"Jitikise kidogo, mwanangu," akasema, "nikuone."