Mkono Usioshika Marashi ya Vanila

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na kwa maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la nane na huandika polepole. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, sokoni Masii, na sitaongeza kitu.

Nauza marashi ya kupima. Haya ninayotaka kuwaeleza ni ya mafuta, ya vanila na maua meupe. Ukiyapaka, maua yanakuja kwanza, kama asmini iliyonyeshewa. Baadaye maua yanaisha, unabaki utamu kama wa maziwa yenye sukari. Hayaumizi kichwa. Hukaa mpaka jioni. Kila mkono huyabadilisha kidogo, ndiyo maana mteja lazima apakwe kwanza.

Siku hiyo alikuja mama kijana, amejifunga leso kichwani.

"Mwiitu, nipake ile ya vanila," alisema, akiniita msichana kwa Kikamba. "Mtoto wangu akiisikia hunyamaza."

Nikampaka kwa kijiti nyuma ya mkono, tukanusa. Hakuna kitu. Nikarudia, nikampaka na shingoni. Niamini, chupa ilinukia, kijiti kilinukia, yeye hakunukia. Machozi yakamjaa.

"Basi jipake wewe," alisema. "Yuko na susu yake, nyanya yake, pale kwa mashine ya kusaga. Mbebe kidogo tu."

Nikajipaka. Muuza vitunguu wa kando akacheka. "Leo umepata bwana, wewe usiyeongea?"

Nilipogeuka kwa mteja wangu, hakuwepo.

Ungekuwa wewe ungeenda? Mimi hata kusalimia watu naona haya. Lakini kilio cha mtoto kilinifikia pale nilipokuwa, nikaenda. Mama mzee, susu yake, alikuwa amemshika, amechoka kabisa. Nikaomba kumbeba. Mtoto akaingiza pua shingoni mwangu, akanyamaza, akalala.

"Umetoa wapi harufu ya Mwende?" mama mzee aliniuliza.

Mwende alikuwa binti yake, mama wa mtoto. Walikuwa wamemzika wiki mbili kabla.

"Tulifua nguo zake zote tukazigawa," alisema, "hata leso ya kumbebea mtoto. Hatukufikiria. Tangu hapo hanyonyi chupa, halali."

Nikampa marashi yote yaliyobaki. Nilitaka kumwambia nimemwona Mwende, nikashindwa. Mpaka leo sijamwambia.

Mtoto sasa ananyonya vizuri. Ila mimi, tangu siku ile, marashi hayo siyasikii. Mengine yote nayasikia. Haya, hata nikiyamwaga mikononi, hakuna. Niliyowaeleza hapo juu nimeyaandika kwa kukumbuka, na kila mwezi nasahau kidogo zaidi.

Kwa hiyo wewe unayeuza, mteja asiyeshika harufu akikuomba ujipake badala yake, jua kuna kitu unatoa. Mimi ningekubali tena, lakini kwanza ningenusa kwa muda mrefu.

Kama unayo nyumbani, tafadhali niandikie. Niambie yananukiaje mkononi mwako.