Jiwe la Mzee Bilioni

Machibya alipunguzwa kazi mwaka 1994, akiwa na miaka hamsini na mitatu, katika kiwanda kimoja cha nguo pale Nyakato kilichokuwa kinatafutiwa mnunuzi. Meneja, kijana wa suti, aliwaambia waziwazi kwamba mnunuzi hataki wazee. Ndivyo alivyosema, wazee, mbele ya watu waliokuwa wakiendesha mashine zile tangu yeye akiwa shule ya msingi. Neno hilo lilimkaa Machibya kooni kama mwiba wa samaki, na anayetaka kuelewa yaliyotokea baadaye Mkuyuni aanzie kwenye mwiba huo.

Kiinua mgongo chake alikinunulia kiwanja mlimani, hapo Mkuyuni. Kilikuwa cha bei rahisi, na kila mtu alijua kwa nini. Juu yake palikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba mbili, limeinama mbele kidogo kama mtu anayesikiliza maongezi ya jirani. Chini lilishikiliwa na mawe madogo na udongo mwekundu. Paskazia, mkewe, alilitazama mara moja tu, akaenda kujenga jiko upande wa pili wa nyumba ili asilione akipika.

"Baba Selina, hapa tunalala chini ya kitu," alisema.

"Mwanza nzima inalala chini ya kitu," akajibu Machibya, akaendelea kupigilia misumari.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya kokoto. Miaka ile kila aliyeonja faida ya minofu ya sangara au ya mitumba alikuwa anajenga, na malori yalipanda mlimani kutwa nzima. Machibya aliwasha kuni na matairi mabovu juu ya mwamba, akauacha upate moto mpaka ukalia, kisha akaupiga nyundo ukabanduka vipande. Baada ya hapo ni kuponda tu, umekaa juu ya gunia, mpaka vidole visahau kukunjuka. Mwanzoni alichimba mbali. Lakini mgongo una mambo yake, na mawe madogo yaliyobana chini ya lile kubwa yalikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni.

Hapo ndipo alipopita Rugambwa, Mhaya mmoja mtaalamu wa miamba, aliyekuja na kampuni iliyokuwa ikitafuta dhahabu upande wa Geita. Alikuwa amepanga nyumba kule chini barabarani, na Jumapili alipenda kutembea mlimani akigusagusa mawe kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe msomi, hebu niambie. Kati yangu na jiwe hili, nani mzee?"

Rugambwa akacheka. "Mawe ya vilima hivi yamepimwa, mzee wangu. Yana zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu."

Machibya alidhani anataniwa. Rugambwa akachuchumaa, akaokota kipande cha jiwe, akaeleza. Zamani hizo jiwe lilikuwa uji wa moto chini kabisa ardhini. Lilipopoa, vikajifunga ndani yake vichembe vigumu, vidogo kuliko punje ya ulezi, vyenye urani. Urani hiyo hugeuka kuwa madini ya risasi, kidogo kidogo, kwa mwendo ambao hauharakishwi na jua wala moto, na mvua haiucheleweshi.

"Fikiria mtungi unaovuja tone moja moja ndani ya beseni," alisema. "Ukijua kasi ya matone, ukapima maji yaliyobaki mtungini na yaliyomo kwenye beseni, utajua ulianza kuvuja lini. Maabara hupima hivyo hivyo. Urani iliyobaki, na risasi iliyokwisha kutokea."

Siku ile Machibya alifurahi kama hajawahi kufurahi tangu aondoke kiwandani. Bilioni mbili na nusu! Maisha yote ya yule meneja, na suti yake, yasingetosha tone moja katika beseni hilo. Basi mwenye jiwe la namna hiyo mgongoni mwake aogope nini? Alimweleza Paskazia, akawaeleza madereva wa malori, akawaeleza wauza nyanya sokoni, mpaka Mkuyuni nzima ikamwita Mzee Bilioni. Naye akaitika.

Aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa Luhaga. Walisimama mashine kwa mashine kwa miaka ishirini, wakafukuzwa siku moja. Luhaga alikitamani kiwanja kilichokuwa chini ya kile cha Machibya, ila kila alipoinua macho alisita.

"Bilioni mbili na nusu, Luhaga," Machibya alimwambia. "Lingetaka kuanguka, lingekungoja wewe ujenge kwanza?"

Luhaga akacheka, akajenga. Mkewe Teodora akapanda maua kwenye makopo ya mafuta mbele ya mlango.

Mwishoni mwa mwaka 1997 ikanyesha mvua ambayo hata wazee hawakuwa na pa kuilinganisha. Mlango wa nyuma wa Machibya ukaanza kukwama. Alichukua randa, akaupunguza, ukafunga vizuri. Haukupita muda, ukakwama tena, safari hii juu. Akapunguza tena. Ukutani nyuma ya kitanda ukatokea ufa, na asubuhi moja Paskazia akakuta udongo mwekundu umeingia mpaka chini ya godoro.

"Mbao hainenepi kila wiki," alisema. "Baba Selina, ni nyumba inayobanwa."

Machibya alimgombeza. Alimgombeza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana usiku alikuwa amekwisha kusikia mchanga ukimiminika mahali fulani nyuma ya ukuta.

Rugambwa alirudi kutoka porini mwezi huo, akapanda kusalimia. Hakumaliza salamu. Alikwenda moja kwa moja chini ya jiwe, akaingiza mkono kwenye uwazi mpya, ukazama mpaka begani.

"Mzee, hapa palikuwa na mawe. Yako wapi?"

"Nimeponda. Si wewe uliyesema liko hapa miaka bilioni mbili na nusu?"

Uso wa Rugambwa ulibadilika. "Sikusema liko hapa. Nilisema lilipoa lini! Ule mtungi unahesabu tangu jiwe lilipoganda, huko chini sana. Hauhesabu tangu likae juu ya mlima huu. Mvua ndiyo imekula udongo pembeni yake likabaki limesimama, na hilo ni jambo la juzi tu. Vile vijiwe ndivyo vilivyokuwa vinalibeba. Hameni leo. Wewe na waliojenga chini."

Jioni ile ile Machibya alimpeleka Paskazia Usagara kwa kaka yake, na kesho yake asubuhi akabisha kwa Luhaga. Kutoa maneno yale kulikuwa kazi kuliko kuponda kokoto.

"Bilioni mbili na nusu," Luhaga alimkumbusha, akitabasamu. "Au jiwe limezeeka ghafla?"

"Nilikudanganya, ndugu yangu. Sikujua, lakini nimekudanganya."

Teodora alimtazama shemeji yake, akaanza kufunga nguo bila kungoja mumewe aamue. Wakaenda kujibanza kwa ndugu zao kule Nyakato.

Jiwe halikuanguka. Mvua ikakatika, jua likawaka, udongo ukakauka ukawa mgumu kama tofali. Luhaga alichoka na kusemwa na wenyeji wake, akarudi peke yake kutengeneza paa lililoharibiwa na mvua. Machibya alimfuata, akamsihi, akamshika mkono kama mtoto.

"Mvua yote ile limekaa," Luhaga alisema. "Leo na jua hili? Acha nipigilie bati hizi mbili, jioni nakuja tunywe."

Ilikuwa Jumapili, saa sita mchana. Machibya alikuwa njiani anashuka aliposikia mshindo kama wa lori linalomwaga mzigo, kisha ukimya. Jiwe liliipita nyumba yake, likang'oa ukuta wa nyuma na ule mlango, likaenda kukaa juu ya nyumba ya Luhaga. Lilikaa vizuri, limelala kabisa, kama lililofika.

Watu waliita. Ndani hakuitika mtu.

Mtalimbo haukulisogeza. Vijana waliojua kazi ya mlima wakaleta kuni na matairi, wakayapanga juu ya jiwe. Machibya alipanda akayasukuma yote chini.

"Hapana moto hapa," alisema. "Luhaga yuko chini."

Alilivunja kwa tindo na nyundo peke yake, kutwa ile na usiku ule, akikataa kupokewa. Asubuhi kipande kikubwa cha kwanza kikabanduka. Ndani palikuwa safi, panametameta.

Mchana Teodora alikuja akakaa karibu, juu ya kopo la maua lililopinduka.

"Shemeji, ulisema lina miaka mingapi?"

Machibya alifuta macho kwa kiwiko.

"Hapa lilipo, mama, tangu jana mchana," alisema, akainua nyundo.