Wingu la Kukimbia

Habari ilimkuta Karwirwa akianika nguo: dada yake, mwalimu wa chekechea pale Ruiri, amefariki. Aliketi chini palepale, akatazama juu kama dada alivyomzoesha. Watoto wa shule dada alikuwa akiwalaza chali nyasini, akinyoosha kidole chenye chaki mawinguni. Wingu jembamba kama unyoya halina mvua. La mafungu kama sufu ya kondoo, chezeni tu. Jeusi la chini, "Haya wanangu, kimbieni!" Aliyekosea kulitambua wingu hakuchekwa.

Siku ya mazishi Karwirwa alimwomba Mungu jambo moja, dada asilazwe kwenye matope. Mahubiri yalikuwa yamekolea, mtoto mmoja wa chekechea akanyoosha kidole juu, akapaza sauti: "Pasta, hilo ni la kukimbia!" Watu walicheka huku wakilia. Pasta akafunga Biblia, wakaomba kwa ufupi, wakamshusha, wakamfukia udongo ungali mkavu.